Moja kwa Moja

Jumanne, 8 Juni 1993. Kambi Tano, Tindiga

Daftari hili halitanikatiza. Mikutanoni nikifungua mdomo mwanaume mmoja anakohoa, mwingine anasema "tuendelee", na Mzee Casmir ananiambia, "Mama Loveth, mtoto analia," hata kama mtoto halii. Basi nitasemea humu, mchana, Loveth akilala.

Jina langu Imelda. Nina bustani mwisho kabisa wa mfereji. Aliilima mama tangu mkonge ulipokufa na kampuni ikaondoka, ikatuachia mabanda ya kambi na mfereji usio na mwenyewe. Mama alifariki masika ya mwaka jana. Sasa kamati ya mfereji imetangaza kwamba kiangazi kikiisha itapita kukagua, na bustani itakayokutwa kavu atapewa mwingine. Wamesema bustani yoyote. Lakini walikuwa wananitazama mimi.

Nikinyang'anywa sina pengine. Baba Loveth yuko Mikumi, anaziba pancha kando ya barabara kuu, na ana mwanamke. Alishasema: nikishindwa, mtoto aende kwa dada yake Fabiola kule Msowero, na mimi "nikipenda" nimfuate nikasaidie kazi za ndani. Nikipenda! Mtoto wangu nimfuate kama mtumishi.

Leo nimesia mbegu za nyanya. Nilipogeuka kuchota maji Loveth akakaa juu ya kitalu. Alama ya makalio yake ipo pale pale. Sikuifuta.

Jumapili, 13 Juni

Ng'ombe wa Wasukuma wamepita juu ya kitalu cha Bi Mwamvua. Wapi kwingine wapite.

Hawa watu walikuja na mifugo yao kutoka kanda ya ziwa, mimi nikiwa bado shule. Wakaambiwa karibuni, nchi sasa ni ruksa. Nasi tumekaribishwa wapi? Bi Mwamvua, ambaye ana umri wa mama yangu na ulimi wa watu watatu, alisimama kwenye tuta akapaza sauti:

"Hawa ng'ombe wenu wamesoma? Mbona wanaijua njia ya kwangu tu?"

Marko, mkubwa wao, akajibu polepole, fimbo begani. "Ng'ombe anafuata maji, mama. Hana kisa na wewe."

"Sasa mimi nina kisa naye!"

Tukafika wengi, akafika na Mzee Casmir, mwenyekiti wa mfereji, aliyekuwa nyapara enzi za mkonge na hajaambiwa kwamba mkonge umekwisha. Nikampa shikamoo. Hakuitikia.

Ndipo nilipojua kwamba mwezi wa tano, kwenye godauni, wenye mahindi ya kumwagilia walikaa na wafugaji wakapatana: mahindi kwa ng'ombe ni tatu kwa mbili. Kila mahindi yakipata maji siku tatu, lambo la ng'ombe linapata siku mbili. Bustani hazikutajwa. Wanawake wa mwisho wa mfereji hatukuitwa hata kupika chai.

Bi Mwamvua akauliza, "Na sisi tunamwagilia mate?"

Mzee Casmir akaangalia saa. Aliyejibu ni Marko. Alisema, na nilimsikia kwa masikio yangu: "Sisi na akina mama hawa hatutaki ugomvi. Ng'ombe na bustani tugawane moja kwa moja."

Tukapiga makofi. Mzee Casmir akasema, "Imepita."

Bado siwapendi. Lakini neno hilo nimelishika.

Ijumaa, 18 Juni

Ratiba imeandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa godauni. Jumatatu mpaka Jumatano, mahindi. Alhamisi na Ijumaa, ng'ombe. Jumamosi, bustani. Jumapili, mfereji unapumzika.

Nikamwambia, "Mzee, shikamoo. Tulisema moja kwa moja."

"Na moja si hiyo hapo? Jumamosi. Mosi ni moja. Kiswahili hukusoma?"

Wakacheka wote. Mwanaume mmoja alicheka mpaka akashika ukuta, mkaa ukamchafua mkono. Bi Mwamvua peke yake ndiye aliyejibu: "Wiki yenyewe ina tano mbili, Jumatano na Alhamisi. Hata aliyezipa siku majina alikuwa mwizi kama nyie."

Nimerudi nyumbani na siku moja. Kuna kitu hakikai sawa lakini sijui kukisema. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa. Kilichobaki kichwani ni kama maji ya mwisho wa mfereji.

Jumatatu, 21 Juni

Jana mfereji haukupumzika. Leo asubuhi nimepita kando ya mahindi ya Mzee Casmir, matope mpaka kifundo cha mguu. Nikasimama nikayatazama. Yeye naye akasimama ndani ya shamba lake akanitazama ninavyoyatazama.

Alhamisi, 1 Julai

Nimehamishia miche bustanini. Loveth amebeba mmoja kama mtoto wake, hataki kuupanda. Nimemwachia.

Jumamosi, 10 Julai

Siku yetu. Maji yamefika saa kumi jioni, manjano kwa kinyesi, upana wa kiganja. Wanawake wote tulikuwa pale na ndoo, tukatukanana sisi kwa sisi. Nilimwambia Bi Mwamvua neno ambalo mama yangu angenipigia kofi. Naye akaniambia ni heri mama amekufa asinione.

Baada ya hapo kila mtu alichota ndoo yake.

Jumatano, 14 Julai

Nilikwenda Mikumi kutafuta mchuuzi wa nyanya. Mambo ni yale yale: vijana wanakimbiza mabasi na mahindi ya kuchemsha mikononi, abiria wananyoosha mikono madirishani. Yule mchuuzi aliniuliza, "Zitakuwa nyingi au za kunionyesha tu?" Nikasema nyingi.

Baba Loveth alikuwa anapiga tairi nyundo. Hakuacha kupiga.

"Umekonda," akasema.

"Maji ni shida."

"Si nilikwambia? Mambo ya mfereji ni ya wanaume. Fabiola anawasubiri Msowero, ana nyumba ya bati." Akamtazama Loveth, akatabasamu, akampapasa kichwa kwa mkono wenye mafuta. "Mwanangu huyu hawezi kukua kwa kusubiri Jumamosi."

Njia nzima nimekuwa nikifuta yale mafuta kwenye nywele zake. Hayatoki.

Jumapili, 25 Julai

Leo nimeongea.

Mkutano ulikuwa kwenye godauni. Nilisimama kabla hajaniona. Nikasema: "Moja kwa moja maana yake ng'ombe wakipata siku moja, bustani zinapata siku moja. Ng'ombe na bustani ziwe sawa. Sasa ng'ombe wana mbili, sisi moja. Hiyo si moja kwa moja."

Hakuna aliyekohoa. Nilimaliza. Mzee Casmir akakuna kidevu, akatabasamu. Nilipaswa kuliogopa lile tabasamu.

"Mama Loveth anataka usawa," akasema. "Kweli, neno lilikuwa moja kwa moja. Basi iwe sawa."

Akaenda ukutani, akafuta kwa kiganja. Akaandika: ng'ombe, Jumamosi. Bustani, Jumapili. Moja kwa moja. Siku tano zilizobaki, mahindi.

Wafugaji wote waligeuka. Hawakumtazama yeye. Walinitazama mimi. Marko alisema jambo moja tu, taratibu, huku akivaa kofia: "Mama, ulikuwa na kiu. Sasa umetupa na sisi."

Nilitaka kusema sivyo nilivyotaka. Mzee Casmir akasema, "Mama Loveth, mtoto analia."

Safari hii alikuwa analia kweli.

Alhamisi, 29 Julai

Mwandiko utasameheka, naandika na tope vidoleni.

Asubuhi nilikuwa nafungia nyanya vijiti. Nikasikia pumzi. Unajua pumzi ya ng'ombe mwenye kiu? Kama mtu anayevuta kitu kizito. Nilipoinua kichwa walikuwa wamekwisha ingia, kundi zima, wanakwenda kwenye kidimbwi kilicho nyuma ya tuta langu, pale ninapotunza maji ya ndoo. Hawakuzunguka. Walipita katikati ya matuta.

Nyuma yao alikuwa mke wa Marko, Yudith, rika langu, fimbo mkononi, amesimama. Hafukuzi.

Nikamrushia ng'ombe wa mbele bonge la udongo. Nikarusha la pili. Ng'ombe hata hakugeuza shingo.

"Waondoe!"

"Wana kiu."

"Waondoe, wewe mwanamke, au nitakupiga wewe!"

"Nipige. Alhamisi ilikuwa siku yetu. Umeila Alhamisi yetu, na wao wamekula nyanya zako. Nani kaanza?"

"Sikuchukua siku yenu! Ameichukua Casmir!"

"Nani alisimama mkutanoni? Casmir au wewe?"

Nikamwita majina. Majina mabaya, ya kabila lake, ambayo tunayasema hapa kambini kama chumvi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatema mate kando, akapiga mluzi mara moja, na ng'ombe wote wakageuka wakatoka. Mluzi mmoja! Angeweza kuupiga tangu mwanzo.

Matuta mawili yamekwisha. Yamebaki manne. Kidimbwi ni tope. Loveth alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda na ule mche wake wa zamani, mkavu, ameukumbatia. Nilimbeba nikamwimbia mpaka sauti ikapotea. Alikuwa ananifuta uso kwa mche.

Nawachukia. Nimwandike na Casmir. Namchukia. Na mkaa wake.

Ijumaa, 6 Agosti

Bi Mwamvua anasema nipande viazi, viazi havina kiburi. Nimemwambia nyanya ni za mama. Akasema mama yako alikuwa mkaidi, ndiyo maana nilimpenda. Ndivyo tulivyopatana.

Jumapili, 8 Agosti

Siku yetu. Ng'ombe walikunywa jana siku moja tu, lambo likakauka, leo wafugaji wamekuja na ndoo kwenye maji yetu. Kurushiana matope. Mwanamke mmoja kapasuka mdomo. Kule juu mahindi ya Mzee Casmir yanatikisa majani.

Jumatano, 11 Agosti

Nimeota ndoto ya shule, Mwalimu Tomasi na fimbo yake ya mpera. Tulikuwa kwenye mafumbo ya uwiano: mbuzi kwa kondoo hivi, kondoo kwa kuku vile, tafuta mbuzi kwa kondoo kwa kuku. Sisi tulikuwa tunaziunga namba kama mabehewa, ya kwanza, ya pili, ya tatu, basi. Naye anapiga meza: "Aliye katikati! Mtazameni aliye katikati!"

Nimeamka nikakaa kitandani. Aliye katikati nimemkumbuka. Alichotaka tumfanyie sikumbuki. Nilikuwa naangalia fimbo.

Jumamosi, 14 Agosti

Jua. Upepo wa vumbi. Loveth kikohozi.

Jumanne, 17 Agosti

Niandike vizuri leo.

Yudith alikuja na ndama tu, wanne, na pacha wake wawili, Kulwa na Doto. Alisimama mbali, nje ya mpaka, akasema, "Ndama hawawezi kusubiri Jumamosi. Nikizunguka nyuma ya tuta, utarusha udongo?"

Nikasema, "Ukizunguka, sirushi."

Alizunguka. Nilikuwa nimechemsha karanga za Loveth, sufuria ipo chini. Watoto hawajui ugomvi wa maji. Mara wote watatu wako kwenye sufuria, wanasukumana, Doto kamwuma Loveth mkono. Yudith akaja mbio. Nilidhani atamchukua mwanawe aondoke. Akachutama.

"Hapana kunyang'anyana. Kulwa kafukuza ndama toka nyumbani, anapata tatu. Doto kabebwa, mbili." Akawahesabia. Kisha akaniangalia. "Mpe na huyu wako. Sawa na Doto."

Nikachukua karanga moja nikampa Loveth.

"Mbona moja?"

"Si umesema sawa na Doto? Moja kwa moja."

"Doto ana mbili mkononi, huoni? Ukimpa wako moja, siyo sawa na Doto."

Sijui shetani gani alinipanda, nikasema kama Mzee Casmir, kwa sauti yake ya puani: "Basi tumnyang'anye Doto moja, wawe na moja moja. Sawa kwa sawa."

Yudith akacheka. Sikujua kwamba huwa anacheka. Kisha akaacha. "Hapana. Nikimnyang'anya Doto, nitakuwa nimemdanganya kwa Kulwa. Nilishasema Kulwa tatu, Doto mbili. Doto ni yule yule. Hawezi kuwa na mbili akisimama na Kulwa, halafu moja akisimama na wako."

Ndama walikuwa wanakunywa, srr, srr.

Nikasema, "Ng'ombe."

Akasema, "Ng'ombe ni wale wale."

Aliye katikati! Mungu amrehemu Mwalimu Tomasi kama amekufa, na amrehemu pia kama yuko hai. Ng'ombe wako katikati. Wana mkono mmoja kwa mahindi na mkono mmoja kwetu. Kule walipewa mbili, basi na huku waingie na mbili zile zile, na sisi tuwe sawa nao: mbili kwa mbili ni moja kwa moja ile ile, imekua tu. Tatu kwa mbili kwa mbili. Nikahesabu karanga za watoto: tatu, mbili, na nikamwongezea Loveth ya pili. Saba.

Wiki nzima. Haibaki hata punje ya kupumzisha mfereji.

Yudith alizitazama zile karanga kwa muda, mpaka Kulwa akazila. "Kwa hiyo wewe ukipata mbili, mimi sipotezi," akasema.

"Hupotezi. Ndiyo unapata. Anayepoteza ni yule mwenye siku asiyopewa na mtu."

"Marko hatanisikia. Ana hasira na wewe."

"Na mimi nina hasira na yeye."

"Najua. Uliniita majina."

Sikuomba radhi. Nilitaka, mdomo ukawa mzito. Nikampa karanga zilizobaki kwenye sufuria, akazifunga kwenye pindo la khanga, akaenda bila kusema asante. Naona tulielewana.

Jumanne, 24 Agosti

Bi Mwamvua nimemweleza kwa vijiti. Mara ya kwanza alisema ni uchawi wa shule. Mara ya pili akavichukua vile vijiti, akavipanga mwenyewe, akasema, "Mbwa yule!" Hakuwa anamsema mbwa.

Jumapili, 29 Agosti

Godauni lilijaa mpaka nje. Wenye mahindi mbele, wafugaji wamesimama ukutani na fimbo, sisi nyuma mlangoni. Loveth alikuwa msumbufu, kikohozi. Yudith alikuja akamchukua, akamfunga mgongoni. Wanawake wa kambini wakaniangalia kama nimempa fisi mtoto.

Nilisimama. "Shikamoo, Mzee."

Hakuitikia.

"Kuna makubaliano mawili. La mwezi wa tano, mahindi kwa ng'ombe, tatu kwa mbili. La mwezi wa sita, ng'ombe kwa bustani, moja kwa moja. Ukutani pale la mwezi wa tano limevunjwa."

"Halikuvunjwa. Limefutwa," akasema Mzee Casmir. "La Juni limelifuta la Mei. Neno jipya hufuta la zamani."

"Mzee, nani alisema limefutwa?"

"Mama Loveth, mtoto analia."

Nikageuka. Watu wote wakageuka. Loveth alikuwa mgongoni kwa Yudith, amelala, mdomo wazi.

"Huyo?" akasema Bi Mwamvua. "Huyo anayekoroma?"

Watu wakacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Mzee Casmir hakupenda. Akapandisha sauti. "Na hilo moja kwa moja mnalolishikilia, hamkijui Kiswahili chake! Maana yake maji yakitoka kwa ng'ombe yaende bustanini moja kwa moja, bila kusimama! Mabaki! Njia! Moja kwa moja ni kunyooka!"

Wenye mahindi wakaitikia, eee, kweli, ukimwelekeza mtu njia unamwambia nenda moja kwa moja. Niliona hoja yangu inaponyoka. Neno lenyewe lilikuwa linatuponyoka, kila mtu akilivuta kwake.

Ndipo Marko akatoka ukutani. Sikujua atasema nini. Yudith alikuwa anaangalia chini.

"Mzee," akasema, "hilo neno nililisema mimi."

"Najua ulisema wewe. Nakuelewesha maana yake."

"Unanielewesha nilichosema?" Akaegemea fimbo yake. "Mimi Kiswahili nimejifunza ukubwani. Labda nimekosea neno. Nilichotaka kusema ni hiki: siku yangu moja, siku yao moja. Siku zangu mbili, zao mbili. Na sikuja kufuta la Mei, nilikuja kuongeza. Mtu akioa mke wa pili hajamwacha wa kwanza."

Hapo hata wenye mahindi walicheka. Mzee Casmir, mwenye wake wawili, hakucheka.

"Haya," akasema, "maneno matamu. Siku ziko saba. Nani atazigawa makubaliano yote mawili yasimame, bila moja kuvunja jingine? Nani?"

Nilikuwa na vipande saba vya bua la mahindi kwenye mfuko wa gauni. Nikapita mbele nikavipanga sakafuni. Tatu, mahindi. Mbili, ng'ombe. Nikasimama na viwili mkononi. Nikaviweka mwisho, sambamba na vya ng'ombe.

Watu wakainama wakatazama. Mkulima mmoja wa mahindi, yule aliyewahi kucheka akashika ukuta, akavihesabu kwa kidole, akarudia. "Tatu kwa mbili ipo," akasema. "Na moja kwa moja ipo."

"Na ile siku ya zamani ya mfereji kupumzika?" akauliza Mzee Casmir.

Yule yule akajibu bila kuinua kichwa: "Labda ulikuwa unapumzikia kwako, Mzee. Kwangu Jumapili haukuwahi kufika."

Kumbe na wenzake alikuwa anawaibia.

Zikawa kelele. Nikakanyagwa. Mwishowe Mzee Casmir akafuta ukuta kwa nguvu, akaandika tatu, mbili, mbili. Bustani akazipa Jumamosi na Jumapili. Akanitazama. "Jumapili. Mkristo mzima utaacha ibada umwagilie?"

"Mimi ni Mwislamu," akasema Bi Mwamvua. "Nitamwagilia na ya kwake."

Jumapili, 5 Septemba

Maji siku mbili mfululizo. Ya jana yalinywewa na udongo. Ya leo yamefika kwenye mizizi. Nimetoka kanisani nikakuta Bi Mwamvua amekwisha mwagilia matuta yangu manne, analalamika kiuno.

Jumatatu, 13 Septemba

Ubao wa geti letu la maji umeibwa. Tumejua ni nani, hatuna wa kumwambia. Tumeziba kwa majani ya mgomba na matope. Yudith alileta kipande cha bati la zizi lao. "Nakuazima," akasema. "Sikupi."

Si rafiki yangu. Ng'ombe wake juzi wamenyemelea tena mpaka wangu na nimemfokea. Lakini lile neno la kabila lake sijalisema tena, na jana mtu alipolisema kisimani sikucheka.

Alhamisi, 23 Septemba

Nyanya ya kwanza imeiva upande mmoja. Loveth ameiambia, "Njoo."

Jumatatu, 4 Oktoba

Mikumi, matenga mawili. Mchuuzi alizigeuza geuza akitafuta mbovu. Hakupata nyingi. Baba Loveth aliona matenga yakipita, akaacha kupiga tairi. Fabiola hakutajwa.

Jumamosi, 9 Oktoba

Wamepita kukagua.

Walikuja watano, Mzee Casmir mbele, mikono nyuma kama enzi za mkonge. Matuta manne ya kijani, na mawili yaliyokufa nimepanda viazi vya Bi Mwamvua, navyo vimetambaa. Walitafuta ukavu. Mmoja alichimbua udongo kwa kidole cha mguu, ukatoka mweusi. Akaguna, wakaandika wanachoandika.

"Bustani ina mtu," akasema mkulima wa mahindi, na ndiyo ilikuwa hukumu. Haichukuliwi.

Mzee Casmir alinyoosha mkono, akachuma nyanya, ile kubwa niliyokuwa namwekea Loveth, akaiuma pale pale mbele yangu, maji yakamtiririka kidevuni. Hakuomba. Akaenda zake anatafuna.

Loveth akanivuta gauni. "Mama, yangu."

"Najua, mwanangu."

Jumanne, 12 Oktoba

Asubuhi nilimnawisha Loveth uso, nikamvalisha gauni la kanisani, tukaenda mpaka kwenye mahindi ya Mzee Casmir. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mwanzo wa shamba, ananoa panga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," akaitikia, kwa mazoea tu, kabla hajainua macho. Ndiyo mara ya kwanza tangu kiangazi kianze.

Nilipita mbele yake, polepole, nikachagua hindi lililonona, nikalikunja, likalia kwaa! Nikampa Loveth. Alilikumbatia kama ule mche.

"Wewe!" Alisimama. Jiwe la kunolea likaanguka. "Nani kakuruhusu?"

"Nyanya moja, hindi moja," nikasema. "Moja kwa moja, Mzee."

Tukaondoka. Hatukukimbia. Alikuwa anapiga kelele nyuma yetu, na kule ng'ambo ya mfereji nilimsikia Yudith akipiga ule mluzi wake mmoja, na sikuweza kujua kama anawaita ng'ombe au ananiita mimi.

Hindi nimelichoma. Loveth amekula upande wake, mimi upande wangu, tukakutana katikati.